Mapigo ya Mwezi wa Tano

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja ya Mkonze, Sista Mfawidhi, mkuu wa hapo, alinipa kijipembe cha bati cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nilikibandika kwa mama mmoja, akashtuka. "Kipashe moto kwanza viganjani," Sista akasema. "Wewe ungependa kusalimiwa hivyo?"

Nilikuwa mhudumu wa afya, mwenye darasa la saba na kozi fupi. Baadaye nilihamishiwa Kizota, kisha Nkuhungu, na kote nilipenda zaidi miezi ya kati ya mimba. Kichefuchefu kimepungua, tunagawa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Kufikia mwezi wa tano mji wa mimba huwa umekaribia kitovu, mama husikia mtoto akicheza, na mtoto naye, huko anakoelea gizani, huanza kusikia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini mume wangu alifariki. Binti yetu Neema alikuwa katika mwezi huo wa tano. Kwetu mjamzito hapelekwi makaburini, lakini alikwenda kumzika baba yake. Baada ya hapo hakumsikia tena mtoto. Majirani walinong'ona kwamba kaburi limemnyamazisha. Neema akaacha kula.

Nilimpeleka Nkuhungu. Sikuthubutu kusikiliza mwenyewe, nikamwachia Mfawidhi wetu, kijana niliyemwita mwanangu. Akainama, akasikiliza. Akahamisha kijipembe, akahamisha tena. Nje vumbi lilipita taratibu dirishani, kana kwamba mchana wenyewe ulikuwa unasubiri.

"Mama, yupo," akasema hatimaye. "Kajificha huku pembeni kama mtoro wa shule."

Akanipa kijipembe, nami nikayasikia mapigo; kisha akaeleza kwamba mwezi huo mtoto bado hucheza kidogo kidogo, na mama mwenye msiba anaweza asimsikie. Akamtaka Neema arudi wiki iliyofuata.

Neema aliweka mkono tumboni. Kisha akaniambia, "Mama, nina njaa."

Nilimpikia ugali wa mtama na mboga ya mlenda. Hakubakiza.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza kazi mna mashine zinazoonyesha mtoto kwenye kioo; mgeuzieni mama kioo, naye aone. Mimi nikiamka alfajiri husikia bado mapigo yale, kama nyayo laini mchangani, na kwa muda sijui kama ni mjukuu anayekuja au mzee wangu anayekwenda.