Nusu ya Pili Iliyokaa kwa Wenzetu

Kazini walimwita Bi Kanda, na jina likamfuata mpaka nyumbani, mumewe akawa analitumia kila akitaka kumchokoza. Alikuwa mtunza kanda wa kituo cha televisheni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kusoma alijua kidogo, herufi alizipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele, lakini kwa kanda hakuna aliyemfikia. Alifungua boksi, akanusa, akakwambia ukungu umeingia au bado.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina baridi ya mashine iliyonguruma mchana kutwa. Rafu za chuma mpaka darini. Kwenye kona palikuwa na mtambo wa kuchezeshea kanda za zamani, mkubwa kama kabati, na katika vituo vyote vya televisheni ni huo tu uliobaki mzima. Bi Kanda aliufuta kila asubuhi kwa kitambaa cha flana alichokifua mwenyewe.

Alikuwa na binti mmoja, mwigizaji. Binti alicheza kwenye tamthilia ya hospitali, akawa yule mpokea simu wa mapokezi mwenye maneno mengi. Vipindi ishirini na viwili vya kwanza vilirushwa na kituo cha Bi Kanda. Kisha mwenye tamthilia akagombana na wakubwa, akabeba waigizaji wake wote akahamia kituo cha pili. Bi Kanda aliona ni kama ametukanwa yeye.

"Kituo cha wenzetu hakiwashwi ndani ya nyumba hii," alisema, na hakikuwashwa.

Binti alikuja kuwasalimia Jumapili moja.

"Mama, uliniona juzi?"

"Sikukuona."

"Hata kidogo?"

"Nyumba hii ina kituo kimoja."

Binti akamgeukia baba yake. "Baba, huyu angezaliwa mlango, angetoka na kufuli lake."

Wakacheka wawili hao. Bi Kanda akaendelea kukunja nguo.

Mwaka uliofuata binti aliugua wiki tatu, akafa. Bi Kanda alizika, akakaa matanga, akarudi kazini. Watu wakasema yule mama ana moyo wa chuma. Hapakuwa na chuma chochote. Alikuwa haoni tofauti ya kukaa nyumbani na kukaa kazini, na kazini kulikuwa na kiti kizuri zaidi.

Picha za mnato za binti zilikuwepo nyumbani, mbili tatu. Lakini binti anayetembea na kusema alikuwa ndani ya tamthilia tu. Kipindi cha ishirini na mbili kinaisha ameinua mkono wa simu, amefungua mdomo, na muziki unaingia. Alichojibu kiko kipindi cha ishirini na tatu, na hicho kilikuwa kwa wenzetu. Miaka kumi na sita kilikuwa huko, na Bi Kanda hakwenda kukiomba. Angeanzaje?

Basi ikatokea kwamba vituo vitatu vilivyokuwa vikitukanana miaka yote vikakaa meza moja. Watu walikuwa wameacha kutazama televisheni, wanatazama simu. Wakubwa wakaamua kufungua huduma moja ya mtandaoni ya vituo vyote vitatu, mtu alipie mara moja atazame vipindi vya zamani na vipya. Lakini jambo kama hilo halifanywi kwa kupeana mikono tu. Lazima Tume ya Ushindani ikubali kwanza, maana watatu wakubwa wakishikana, mdogo anayetaka kufungua ya kwake atapumulia wapi.

Wakati Tume inachunguza, kanda za wale wawili zilikuwa zinaoza kwenye stoo zao. Zikaruhusiwa kuletwa chumbani kwa Bi Kanda, zihifadhiwe na kuhamishiwa kwenye kompyuta, kila kituo na mali yake. Meneja alishuka mwenyewe na mikanda ya plastiki, akabandika sakafuni na kwenye maboksi. Njano ni sisi, bluu ni kituo cha pili, nyekundu ni cha tatu.

"Mama, bluu isivuke njano," alisema. "Mpaka Tume iseme tumeungana, hatujaungana. Wakituona tumechanganya mambo kabla ya ruhusa, tumekwisha."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Kisha maboksi ya bluu yakaja, na kwenye rundo la tatu akaziona, kanda ishirini na mbili, jina la tamthilia kwa kalamu nene. Jina hilo alilisoma bila kupitia herufi moja moja. Alizifuta, akazinusa, ukungu ulikuwa kidogo. Jumanne akazibeba mara nne kwa mikono yake, akavuka mkanda wa njano, akazipanga zikifuata zile zake. Moja mpaka arobaini na nne.

Hakuzicheza. Ufunguo alikuwa nao, mtambo alikuwa nao, na saa ya chakula chumba kilikuwa chake. Lakini sheria ya chumba aliiweka yeye: kanda kongwe ndiyo inayoanza, na hakuna wa kuruka zamu. Aliwahi kumkatalia meneja aliyepita kanda ya harusi ya shemeji yake, akaitwa mchawi, hakubadilisha. Zamu ya hizi ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amesubiri miaka kumi na sita, miezi miwili ni nini.

Mkaguzi wa Tume alikuja mwezi wa tisa, mwanamke kijana mwenye miwani na daftari. Alitembea taratibu kati ya rafu, meneja nyuma yake, akasimama.

"Mama, shikamoo. Hizi zenye bluu mbona ziko huku?"

"Marahaba. Ni tamthilia moja. Nusu yetu, nusu yao."

"Nani alikuagiza uziweke pamoja?"

Meneja akakohoa. "Nadhani watu wa usafi, walipokuwa wanadeki..."

"Watu wa usafi hawaingii humu," Bi Kanda alisema. "Ufunguo ninao mimi. Nimezipanga mimi, Jumanne, hakuna aliyeniagiza."

"Kwa nini, mama?"

Bi Kanda alifikiria kueleza. Akaona ni maneno mengi.

"Zinafuatana," alisema.

Mkaguzi akaandika, akapiga picha rafu, akashukuru. Kwenye ngazi meneja alirudi hatua mbili.

"Mama, ungenyamaza tu."

"Nimeulizwa, mwanangu."

Uamuzi ulitoka mwishoni mwa mwezi wa kumi. Tume ilikataa. Mumewe Bi Kanda, fundi redio mstaafu, aliupata kwenye simu akausoma mezani kwa sauti, maana alipenda kusoma kwa sauti. Ulisema vituo vitatu vikiungana vitashika karibu tamthilia zote za nchi, na atakayetaka kufungua huduma nyingine hatapata cha kuonyesha. Baadaye sana, kwenye aya ya arobaini na moja, ulisema pia kuna dalili kwamba wahusika walianza kutenda kama kampuni moja, kwa mfano kanda za wawili kupangwa rafu moja.

"Bi Kanda, umeingia kwenye kitabu cha serikali," mumewe alisema.

"Nipitishie chumvi."

Gari la kituo cha pili lilikuja wiki iliyofuata kuchukua kanda zao. Mpokeaji alikuwa bwana mmoja mnene aliyechoka, na orodha yake ilikuwa imekosewa.

"Mama, za hospitali naona nimeandikiwa ishirini na moja. Hii moja haimo kwenye orodha."

Aliishika mkononi. Ilikuwa ile ya ishirini na tatu. Bi Kanda aliitazama.

"Ni ishirini na mbili," alisema. "Rekebisha orodha yako."

Akarekebisha. Bi Kanda akaweka sahihi yake, polepole, herufi kwa herufi. Gari likaondoka. Alifuta vumbi pale rafuni palipobaki wazi, akarudi kwenye mtambo, akaweka kanda ambayo zamu yake ilikuwa imefika, mashindano ya baiskeli.

Jioni alimweleza mumewe kwamba zimechukuliwa. Mzee alivuta uzi kwenye kitambaa cha meza.

"Mimi nilikuwa namtazama," alisema. "Kwa kinyozi. Kila Alhamisi. Nilikuwa nakuambia naenda kunyolewa."

"Kila Alhamisi. Na kichwa hicho cha upara."

"Na kichwa hiki."

Bi Kanda alikaa. "Kwenye simu alijibu nini?"

"Simu ipi?"

"Mwanzo wa nusu ya pili. Ameinua simu."

Mzee alifikiri. Alifumba macho, akafikiri kweli, mpaka Bi Kanda akaona midomo yake inacheza.

"Watu walicheka," alisema mwishowe. "Kinyozi aliacha kunyoa akacheka. Lakini alichosema, mke wangu, sikumbuki."

"Haya."

Ikafika saa ya taarifa ya habari. Mzee akachukua rimoti, akaielekeza, kidole kikasubiri juu ya kitufe kilekile cha miaka yote.

"Weka chochote," Bi Kanda alisema.