Joto Lisilofika Mwisho wa Laini

Jumatano, mwezi wa nne. Asubuhi jua kali, mchana mvua ya mawe kidogo, sasa kumetulia.

Mwanangu Naliaka, tangu ukate simu sijakaa chini. Umesema joto linakupanda ghafla mpaka shingoni, usingizi umepotea, siku zako zinaruka, na unawafokea watoto halafu unajificha kulia. Miaka thelathini na tisa tu! Ukasema labda ni malaria imejificha. Nisamehe, nilicheka kwa furaha, kwa sababu hiyo malaria naijua. Sijui kama nitapanga maneno vizuri, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini wacha nijaribu.

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa na umri kama wako. Wewe ulikuwa sekondari, hatukukuambia. Wanawake wa kijiji tulikuwa tunapalilia mahindi kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa mwingine. Nilikuwa nimemeza dawa za malaria mpaka masikio yanalia. Muuza dawa simlaumu: mimi ndiye nilimwambia ni malaria, naye akaniuzia ya malaria. Ilipokataa kuisha, nikajua nakufa. Nilikuwa hata nimemwomba dada yangu amlee ndugu yako mdogo nikiondoka.

Siku hiyo kulikuwa na baridi, umande bado uko kwa majani. Wenzangu wamejifunga masweta. Mimi navua, navaa, navua tena. Senge Rasoa, dada ya baba yangu aliyeolewa hapa hapa kijijini, akasimamisha jembe.

"Wewe! Hiyo sweta imekukosea nini?"

"Ni malaria, senge."

"Malaria gani inakushika mwanzo wa laini ya mahindi na kukuachilia kabla hatujafika mwisho? Malaria inalazanga mtu! Na mwezi, unauona?"

"Unaruka. Mama mkwe anasema ni mimba."

"Huyo naye ana matumaini!"

Shamba zima likacheka, hata mimi. Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Mwili wako unaanza safari ya kukoma hedhi, polepole. Mimi ilinianza kabla ya arobaini. Kwa nini unajizika mwenyewe bila kuuliza mtu?"

Hayo maneno yaliniuma, nami nikaenda hospitali. Wakapima damu: malaria hakuna, mimba hakuna. Daktari akaniuliza maswali mengi, mwishowe akasema yale yale ya senge. Mwanangu, nilitoka pale nikikimbia na viatu mkononi mpaka kwa dada yangu. "Sikupi mtoto tena! Siendi popote!" Akanishika, tukaruka pamoja kama wasichana.

Sasa usinisikie vibaya. Sisemi kila joto ni hilo. Malaria ya kweli iko hapa kwetu na inaua, kwa hivyo upimwe kwanza, usimeze dawa kwa kubahatisha kama mimi. Inawezekana pia nimekosea na ni kitu kingine. Daktari ndiye atakayejua. Kwa umri wako anafaa akuangalie vizuri, kwa sababu ikija mapema hata mifupa inataka kutunzwa. Damu ikitoka kupita kawaida, usingoje. Na usifikiri uzazi umefungwa tayari, mimba bado inaweza kuingia. Mume wako mwambie wazi, asidhani umemchoka. Baba yako alidhani hivyo, maskini, na kosa halikuwa lake, ni mimi niliyenyamaza. Andika siku zako, waambie na rafiki zako wa rika lako. Haya si mambo ya nyanya peke yao.

Mungu aupoze mwili wako, akurudishie usingizi na kicheko chako. Hufi, Naliaka. Unavuka tu, na mimi niko ng'ambo nakupungia mkono.

Leo tumekula mapema, obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, kwa sababu kesho napanda bodaboda ya kwanza kuja kwako Navakholo na barua hii mkononi, tuende hospitali pamoja.