Waya Uliompeleka Kerosi Seli

Kerosi aliitwa Chupi FM, na hilo jina alijitafutia mwenyewe. Alikuwa ametengeneza redio isiyotumia betri wala stima: waya mwembamba wa shaba umezungushwa kwenye kopo la plastiki, kadiodi kamoja kutoka kwa redio iliyokufa, na kisikizi cha simu ya mezani. Sasa, hiyo kitu inataka waya mrefu wa kunasa mawimbi, na kamba ya kuanika nguo pale ploti alikopanga ilikuwa ya waya. Akaunganisha. Asubuhi ya Jumamosi, Dorah wa room ya pili akatoka kuanua nguo, akampata jamaa amesimama katikati ya chupi zake, amefunga macho, anatabasamu. Alikuwa anasikiza kwaya ya Sabato. Haya, nenda ueleze hiyo. Kufika saa nne, center nzima ya Magunga ilikuwa na habari, na group ya WhatsApp ya ploti ishabadilishwa jina.

Hakununa. Aliwaundia watu kumi na mmoja redio kama hiyo, sauti ndogo kama mtu ananong'ona ndani ya mtungi. Waya alitoa kwa feni na motor zilizoungua. Ile motor kubwa kabisa alipewa na Wangwe, mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

Halafu wezi wakafungua transfoma ya soko, wakabeba shaba yote. Siku tano center ikawa giza. Posho mill kimya, nyama kwa bucha ya Faruk inanuka, watu wamepandisha hasira. Mmoja akauliza, si yule fundi wa kuja, asiye mtu wa hapa, ako na shaba?

Polisi wakatoa roll tatu za waya chini ya kitanda cha Kerosi. Kerosi akaeleza, wakamwambia shaba ni shaba. Ndio akamwona Wangwe hapo mlangoni na wengine.

"Jaduong', mzee wangu, waambie tu. Hii si ilitoka kwa motor yako?"

Wangwe akaangalia ule umati, akaangalia viatu vyake.

"Motor nilikupa, fundi. Mambo ya waya sijui."

Wiki mbili seli. Wale kumi na mmoja wenye redio, hakuna hata mmoja alifika kumtetea. Wezi wenyewe wakashikwa kule Karungu, Kerosi akafunguliwa bila pole. Wangwe akatuma gorogoro mbili za unga, yale makopo ya kupimia, Kerosi akazirudisha. Siku hizi anauza ndizi kule Ogwedhi, na ukimletea redio anakuambia hajui hizo vitu.

Kama kazi ya mikono yako imewahi kukuponza, na mtu aliyejua ukweli akakunyamazia, tuandikie hapo chini. Tutasoma zote.