Asali Iliyosomeka Ajali

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyochekwa na duka zima, mwanangu, na leo nakusimulia bila haya, maana aliyecheka mwisho ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya watu binafsi yalifunguliwa Arusha kila kona, bidhaa zikajaa, kila kitu kina karatasi yake ya rangi. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimetupunguza, nikaanza kununua asali kwa warina asali wa upande wa Momela, naichuja nyumbani kwangu Kijenge, naitia kwenye chupa. Asali nzito, tamu, wala sijisifu. Haya, najisifu! Lakini kuitembeza mlango kwa mlango kulinichosha. Nilichotaka ni nafasi kwenye shelfu la Mama Aika, mwenye lile duka jipya la kujihudumia katikati ya mji, tena kabla ya Krismasi. Sisi Wachaga unatujua: Desemba lazima upande mlimani kwenu, na ukifika wanakuangalia mikono. Nikiikosa nafasi ile, nilikuwa narudi Machame kwa mama yangu kama mtu aliyeshindwa na mji, na nisingeteremka tena.

Basi nikaenda kwa Elirehema, fundi wa chapa aliyekuwa na kompyuta, kitu cha ajabu siku hizo. Akanionyesha miandiko mmoja baada ya mwingine. Macho yangu yakaganda kwenye ule wa kuunganisha herufi, wenye mikia na mizunguko, kama mwandiko wa kadi ya harusi.

"Huo ndio wa kisasa, dada," akasema.

Nikamwambia achape lebo yote kwa mwandiko huo, "Asali ya Momela", na juu ya neno Asali aweke nyuki mdogo mweusi. Ilivyopendeza!

Mama Aika alikuwa mtu mzima, mfanyabiashara wa siku nyingi, na mdomo wake haukuwa na breki. Nikampa shikamoo, nikaweka chupa kaunta. Akaisogeza mbali kidogo, akakunja uso, akasoma kwa sauti.

"Ajali... ya Momela." Akanitazama. "Pole, binti. Wamekufa wangapi?"

Duka zima likaangua kicheko. Nikainyakua chupa nisome mwenyewe, na lo! Mkia wa herufi s ulikuwa umeshuka chini ya mstari, na nyuki wangu amekaa juu yake sawasawa kama nukta ya j. Nilitamani sakafu inimeze. Nikajibu kwa hasira kwamba kizuri chajiuza, waionje tu.

"Mwanangu," akasema, safari hii hacheki, "kizuri chajiuza kikishajulikana ni nini. Jina la biashara ni hodi. Mtu asikike kwanza, urembo wake tutauona akishaingia. Wewe umejipamba ukasahau kubisha hodi. Kuna mama wa Moshono naye ameniletea asali yake, na nafasi ni ya mmoja. Njooni wote Jumamosi."

Iliniuma, sikufichi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikarudi kwa Elirehema. Alipoona nimevimba akataka yaishe: tuandike yote kwa herufi kubwa za kawaida, nene. Nikamwambia, "Hiyo itafanana na dawa ya kuogeshea ng'ombe! Asali hii mtu anampelekea mama yake." Hapo ndipo nilipokataa kushindwa, mwanangu. Ubaya haukuwa katika kuunganisha herufi. Mwandiko kama wa mkono unamwambia mnunuzi kwamba nyuma ya chupa yupo mtu, ameichuja mwenyewe. Ubaya ulikuwa kuupenda kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kuutazama ukiwa umevaa jina langu.

Tukaanza upya. Kila mwandiko nilimwambia auandikie neno lenyewe, Asali, tena kwa udogo ule ule wa lebo. Mmoja ulikuwa mwembamba kama unywele, ukichapwa unapotea. Mwingine M yake ilisomeka W, nikauliza, Womela ndiyo wapi tena? Mwishowe tukapata mmoja mnene kiasi, s yake imetulia juu ya mstari. Tukautumia kwa neno Asali peke yake. "Ya Momela" tukaiandika chini kwa herufi za kawaida, ili wakubwa wawili wasigombanie kiti kimoja. Nyuki tukamhamishia kwenye kona, akae na adabu.

Kisha, kwa kuwa kuuliza si ujinga, nikaiweka chupa juu ya ukuta wa jirani, nikasimama ng'ambo ya barabara, na kila aliyepita nikamwuliza pale pameandikwa nini. Mzee mmoja alinishangaa: "Si asali ile? Au macho yako mabovu, binti?" Nilitaka kumkumbatia!

Jumamosi Mama Aika akaziweka chupa zetu mbili kaunta. Ya mwenzangu wa Moshono ilisomeka vizuri tu, herufi kubwa nyeusi, sitamsema vibaya. Akaingia mama mmoja na kapu lake. Mama Aika akamsimamisha mlangoni: "Kutoka hapo, unaona nini?"

"Naona asali mbili," akasema yule mama. Akaja moja kwa moja, akashika yangu. "Hii ndiyo nitampelekea mama mkwe Krismasi. Hiyo nyingine ni ya kupaka mkate."

Nilipiga kigelegele ndani ya duka la watu! Mama Aika akacheka mpaka akajifuta machozi, akaniambia nilete chupa zote nilizo nazo. Zikaisha kabla ya sikukuu, nikaleta nyingine, nazo zikaisha. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Krismasi ile nilipanda Machame kichwa juu. Mama yangu aliiweka chupa katikati ya meza, akakataza mtu asiifungue mpaka wageni wote waisome.

Sasa sikia, mwanangu. Leo miandiko unayo tele kwenye simu yako, na yote inakukonyeza. Usiuchague mwandiko kwa sababu jirani anao. Uvalishe jina lako kwanza, uupunguze mpaka udogo utakaochapwa, halafu umwonyeshe mtu mwenye haraka. Akisitasita, achana nao, hata kama umeupenda kufa. Ukishaupata, uutumie kwa neno moja au mawili, mengine yaandike wazi. Na asikudanganye mtu kwamba uzuri na kueleweka havikai nyumba moja. Vinakaa. Mimi nimevikalisha.

Mungu akupe jicho jema na moyo usiokata tamaa. Jina lako lisomwe sawasawa na watu usiowajua, litajwe kwa heri kwenye meza ambazo hutazikalia, na mama yako alione akiwa hai. Amina.