Kisu cha Chumba Cheusi

Shemeji yangu alikuwa na rangi mbili: ile aliyozaliwa nayo, ambayo hata mkewe, marehemu dada yangu, aliiona kwa nadra, na ile aliyopewa na kiwanda. Watoto wa mtaa wake walimwita Masizi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mchanganyaji wa mpira. Mimi nilikuwa kiwanda hichohicho, upande wa kukandamiza soli, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Watu hudhani soli ni utomvu wa mti tu, basi. Utomvu peke yake ni kitu cha kutafuna. Ukiushonea kiatu, utafika dukani pekupeku. Lazima utiwe unga, kama zege linavyotaka kokoto. Kwetu unga ulikuwa wa aina mbili. Mweusi ni masizi yenyewe, laini kuliko poda ya mtoto, na huo ndio unaoupa mpira nguvu ya kusuguana na lami. Mweupe ni chaki na udongo uliosagwa. Nguvu zake haba, lakini unajaza tumbo la mpira kwa bei rahisi na hauuharibu weupe wake, kwa hiyo ulikwenda kwenye viatu vya wauguzi. Kila unga ulikuwa na chumba chake, na mlangoni mwa chumba cheupe palichorwa mstari mwekundu sakafuni. Mtu wa cheusi hauvuki, kwa sababu chembe chache za masizi zinatosha kuharibu mpira wa kutwa nzima.

Shemeji hakuwahi kuutaka mstari ule mpaka mwanawe aliporudi nyumbani. Binti alikuwa ameolewa, akapigwa, akavumilia, akapigwa tena, ndipo akaja kwa baba yake na kichanga mgongoni. Mtoto alikuwa na kifua kibovu. Alipumua kwa mluzi, na baada ya wiki chache katika nyumba ile mluzi ukawa kikohozi kisichomwachia hata kunyonya. Daktari aliuliza babu anafanya kazi gani. Alipojibiwa, alisema mtoto huyu na masizi hawawezi kuishi chini ya paa moja.

Shemeji alihangaika. Alioga kazini, akabadili nguo getini, akalala kibarazani. Haikusaidia kitu. Masizi hayakai juu ya ngozi, yanaingia ndani yake, na Jumapili mtu umevaa shati safi ukijifuta jasho leso inatoka nyeusi. Kuacha kazi? Kwa umri wake na mikono ile, nani angempokea? Mimi nami nilikuwa nalala bweni la kiwanda, wanaume watupu, kitanda juu ya kitanda. Ningemweka wapi mpwa wangu?

Siku moja binti akasema, mimi nikiwa hapohapo.

"Baba, ukihamia chumba cheupe nitakaa. Usipohamia, narudi kwa mume wangu."

"Kwa yule? Atakuua."

"Mimi nitapigwa, baba. Lakini mtoto atapumua."

Nilitaka kumkaripia. Nilimchukia daktari, nikamchukia yule mume, nikaichukia hata harufu ya ovaroli yangu mwenyewe. Shemeji alitikisa kichwa tu, akatoka kwenda kibarazani kwake.

Bahati, kama ni ya kuitwa bahati, mchanganyaji wa chumba cheupe alistaafu. Vumbi jeupe nalo ni vumbi, lakini likioshwa linaondoka, na daktari alikubali kwamba hilo lina nafuu. Shemeji alikwenda kwa mama msimamizi wa chumba kile, akasimama nyuma ya mstari, akaomba. Mama yule alimtazama juu mpaka chini.

"Mzee wangu, kazi unaijua, sina shaka. Chukua likizo yako, ukajisafishe. Ukirudi huna doa, nitakupa siku ya majaribio."

Basi tukamsugua. Tulianza na sabuni ya mche na brashi ya kufulia, tukaja na mafuta ya taa, tukamalizia na ndimu. Alinyoa kichwa, ndevu na kwapa, hata nywele za puani alizikata kwa mkasi. Masikio tuliyatia mafuta ya kula, na kilichotoka humo sikielezi.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe una rangi! Dada alinificha kwamba ameolewa na mtu mzuri hivi."

"Sugua, acha maneno. Wivu utakuua."

Tulipaka kuta chokaa, tukaanika magodoro, tukafua kila kilichofulika. Maji ya kwanza yalikuwa wino, ya mwisho yalikuwa maji. Siku hiyo binti alimwekea baba yake mtoto mapajani bila kumtandikia shuka, na mtoto akamkamata babu yake pua akagoma kuiachia. Shemeji alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akayafuta haraka na kuitazama leso. Ilikuwa nyeupe. Katika likizo ile kikohozi kilipungua. Nasema kilipungua, sisemi kiliisha. Lakini mtoto alinyonya akashiba, na binti akaanza kuzungumza habari za kutafuta kibarua.

Siku ya majaribio nilijipa kazi ya kufuata mpira wa kwanza chumba cheupe, ili nimwone. Alikuwa ndani ya ovaroli mpya, na viatu vipya vilivyomfanya atembee kama bwana harusi. Mashine ni mapipa mawili ya chuma yaliyolala sambamba, yanazunguka kuelekeana, na mpira unapita katikati yake. Aliutia mpira, ukalainika, ukajifunga kwenye pipa la mbele. Akaunyunyizia unga kidogokidogo, uliomwagika akaufagia akaurudisha. Mama msimamizi alikuwa anatabasamu.

Ikabaki kukata. Mchanganyaji huukata mpira ukiwa bado unazunguka, akaukunja, akaurudisha, ili unga uenee kote. Kisu cha chumba kile kilikuwa kimetundikwa ukutani. Akakichukua, akakata, kikamteleza. Akakata tena, kikateleza tena, safari hii vidole vyake vikapita karibu na mapipa mpaka mimi nikafumba macho. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mchanganyaji haazimi kisu wala haazimishi. Mpini wa chake umelika kwa kufuata kiganja chake, na mbele ya mashine ile kisu kigeni ni sawa na kuvitoa vidole sadaka.

Akaenda kwenye mfuko wake, akatoa kisu chake mwenyewe. Najua alikuwa amekichemsha, kwa sababu sufuria ilikuwa yangu. Alikuwa amekisugua kwa mchanga, na mpini akaufunga bendeji mpya ya hospitali. Hakutaka kudanganya. Hakuweza tu kudhani kwamba kisu chake kingeweza kumdhuru. Alikata vizuri, kwa mkono ule ninaoujua, na mama msimamizi akageuka kushughulika na mizani.

Mti wa mpini ule ulikuwa umekunywa masizi na jasho tangu ujana wa shemeji. Joto la mashine likaufanya uyatapike. Mimi niliuona mstari wa kwanza kwenye mpira, mwembamba, nikasema moyoni ni unywele. Kisha nikakumbuka kwamba hana unywele hata mmoja. Naye aliuona. Akakimbilia kuukata autoe, kwa kisu kilekile, na mapipa yakazidi kuzunguka. Kazi ya mashine ile ni kueneza, haichagui cha kueneza. Mpira wote ukawa rangi ya majivu mbele ya macho yetu.

Mama msimamizi alizima mashine. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Mzee wangu," alisema, "rudi kwako."

"Mama, nipe siku moja tu nyingine. Kisu nitakitupa."

"Juu watanifukuza mimi. Nina watoto."

Mpira ulioharibika hautupwi. Unapelekwa chumba cheusi, unaongezwa masizi, unakuwa mweusi kama mwingine, wala mvaaji hatajua. Aliambiwa aubebe yeye mwenyewe. Aliukunja begani, akavuka mstari kwa viatu vyake vipya, na kabla ya kengele ya kutoka alikuwa ameshaufungulia mfuko wa unga mweusi. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Sikuwa na utani siku hiyo.

Binti alimwona akija kutoka mwisho wa mtaa, akaingia ndani akaanza kukunja nguo. Asubuhi alimletea mtoto hadi kibarazani ili amuage. Mtoto alinyoosha mikono kuitafuta ile pua. Shemeji akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yake mgongoni.

"Mchukue," alisema. "Mchukue, mwanangu, nendeni."

Ni mimi niliyewasindikiza. Yule mume alitufungulia mlango, akamtazama mkewe, akatabasamu. Nilimpa mkono. Mpaka leo najiuliza mkono ule niliutoa wapi.

Niliporudi nilimkuta shemeji kitandani kwa binti, juu ya shuka nyeupe, na ovaroli yake na viatu vyake vya kazi.

"Shemeji, inuka. Unachafua."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Namchafulia nani?"