Tovuti ya Korosho za Mama Mkwe

Mchana mimi ni fundi majokofu hapa Mtwara mjini, lakini jioni natengeneza tovuti, na kila kitu naandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Wanaochukua za watu na kubadilisha jina tu nawaonea huruma.

Basi nikamtengenezea mama mkwe tovuti ya kuuzia korosho zake. Nilipokuwa naijaribu nilikosea mno kuandika namba ya simu, nikajiwekea humo onyo la kujichekesha kila nikikosea. Kisha nikalisahau.

Jumapili tukaenda kwake Nanyamba. Mbele ya ukoo mzima nikampa simu, kifua mbele. "Mama, agiza mwenyewe, kama mteja."

Akaandika jina, akaandika namba pungufu, akabonyeza. Onyo likatokea katikati kabisa ya kioo, kwa herufi nene nyekundu, limenyooka. Hata pale nilijisikia fahari.

Mama akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti: "Wewe kilaza, hata namba yako huijui?"

Akanigeukia. "Mkwe, haya umeandika wewe?"

Mke wangu akaniwahi kujibu: "Kila kitu kaandika mwenyewe, mama. Mstari kwa mstari."