Alama ya Msumari

Siku Godelieve aliposukuma Vespa yake kuukuu hadi uani kwa Anatole, fundi hakuitazama. Alitazama mawingu, akapiga miayo, akaomba maji ya kunywa. Godelieve alikuwa ameuza ndagala, dagaa wa ziwani, wakiwa wakavu, mjini Baraka kwa miaka ishirini. Alijua kwamba mnunuzi asiyetazama bidhaa ndiye anayeitaka zaidi.

Godelieve mwenyewe aliitaka kwa ajili ya soko la Lubondja. Kila wiki wenye pikipiki walimlia faida, na Vespa aliyoipata kwa magunia mawili ya ndagala ilikuwa bado haijanguruma hata mara moja.

«Utaifufua na nini? Sioni hata vyombo vya kazi.»

«Na mikono, mama. Na mbabula ya bibi yangu.»

Wakapatana: ikiwaka, Anatole ataitumia kama yake kila Jumanne kwa mwaka mzima; ikikataa, atampa Godelieve mbuzi wake jike, yule mwenye mimba.

Tangu hapo Godelieve alikuja kila siku na kigoda chake. Alimwona akijaza kamba ya wavu ndani ya silinda ili injini isizunguke alipokuwa akilegeza nati. Alimwona akiweka ganda la injini juu ya makaa ya mbabula, lile jiko la bibi.

«Uko unapika moteri yangu?»

«Chuma kikipata moto kinapanuka, beringi inatoka yenyewe. Unaogopa nini? Nitaikula?»

«Bantu ba huku banakula kila kitu.»

Anatole alipotoka kutafuta barafu ya kupozea beringi mpya, Godelieve alibaki peke yake na vyuma. Kesho yake alikuwa na safari, na nani angelinda mali yake? Akaokota msumari. Kama wachuuzi wanavyotia alama mabeseni yao ya samaki, akachora msalaba juu ya kila chuma kikubwa. Kwenye kichwa cha silinda alichagua sehemu bapa inayong'aa, mahali alama inapoonekana vizuri.

Aliporudi safarini, injini ilikuwa imefungwa, kazi ya usiku kwa mwanga wa koroboi. Anatole akakanyaga kiki. Ikakohoa, ikatoa mluzi wa pumzi pembeni, ikazima. Akakanyaga tena mpaka jasho likamtoka. Ikazima.

«Ulibadilisha kichwa!» Godelieve akasimama. «Cha kwangu umeuzisha. Fungua mbuzi!»

 Anatole akafungua nati nne, akageuza kichwa mbele ya macho ya Godelieve. Msalaba ulikuwapo pale pale, umezungukwa na moshi.

«Alama hii ni ya nani, mama?»

Godelieve akaketi tena kwenye kigoda.

«Hii njo ushahidi wangu kwamba sikuiba. Tena hii njo tundu pumzi inapopitia. Huu uso unalalia silinda, haupaswi kuwa hata na mukwaruzo moja. Mbuzi anabaki kwangu. Na unaniongezea Ijumaa.»

«Ijumaa? Hata kidogo!»

«Basi sukuma kichuma chako.»

 Godelieve akaitoa Ijumaa.

«Sasa leta kioo chako kikubwa cha ukutani.»

«Kioo kinaingia wapi tena? Weye!»

Kiliingia chini ya msasa uliopakwa mafuta, maana Anatole hakuwa na kitu kingine kilichonyooka. Alisugua kichwa juu yake asubuhi nzima, mpaka msalaba ukafutika. Vespa ikawaka kwa kiki ya tatu.

Godelieve alipata soko la Lubondja bila kumlipa mwenye pikipiki. Akapoteza Ijumaa za mwaka mzima, na kioo chenye mikwaruzo kinachomwonyesha nusu uso. Anatole alibaki na mbuzi wake, ambaye alizaa mapacha. Na Jumanne ya kwanza, kabla ya kumwachia Vespa, Godelieve alitia alama nyingine. Safari hii aliichora kwenye tairi, kwa msumari ule ule.